Silaha Mpya, Njaa Ileile



Kila zinapotufikia habari mbaya kutoka Kivu, neno moja hurudi midomoni mwetu: tununue silaha. Tununue droni, tununue vifaru, tununue mizinga ipigayo mbali, na vita vitakwisha. Neno hilo lina utamu wake, kwa kuwa linamwachia fundi wa nchi ya mbali kazi iliyo yetu. Tafakari hii inalipinga. Haipingi kuwapo kwa jeshi, wala haisemi kwamba nchi iliyovamiwa iache kujilinda. Inasema kwamba jeshi halifanywi la kisasa kwa kununua chuma. Linakuwa la kisasa siku ile mshahara, chakula, mafuta, dawa na risasi vinapomfikia askari wa mwisho katika kituo cha mwisho, kwa kipimo kilichoandikwa na kwa siku iliyopangwa. Kabla ya siku hiyo, silaha mpya ni deni jipya kwa taifa, na mara nyingine ni zawadi kwa adui.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Upo Bendera, kaskazini ya mji wetu wa Kalemie, kwenye barabara iendayo Fizi na Uvira, mahali ambapo maji ya mto Kyimbi huzalisha umeme wa Kalemie. Mwaka 1965 mtambo huo ulikuwa ukilindwa na askari wa serikali. Mwezi wa nne mwaka huo Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma ili kuwasaidia waasi waliokuwa milimani. Wacuba wake walipewa majina ya Kiswahili kwa kufuata hesabu: Víctor Dreke aliitwa Moja, na Che mwenyewe Tatu. Tarehe 29 Juni Dreke aliongoza shambulio juu ya ngome ya Bendera, akiwa na Wacuba wapatao arobaini pamoja na wapiganaji wa Kinyarwanda na wa Kikongo. Lilishindwa. Wacuba wanne waliuawa, na Wanyarwanda wengi zaidi yao. Wapiganaji wengi walikimbia, wengine wakizitupa bunduki zao. Katika maiti za Wacuba serikali ilikuta maandishi yaliyofichua kwamba wageni hao wapo nchini. Kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha, Che alikuwa amevuka ziwa kurudi Tanzania.

Je, walikosa silaha? La. Silaha za Urusi na za China zilikuwa zikishushwa Dar es Salaam, zikapelekwa kwa reli hadi Kigoma, kisha zikavushwa kwa mashua. Kumbukumbu alizoziandika Che mwenyewe zinaeleza kilichofuata. Silaha, vyakula na dawa vilirundikwa ufukoni bila mpango. Bunduki zilifika zikiwa na upungufu wa sehemu zake. Wapiganaji walikataa kubeba mizigo kuipandisha milimani, kwa kuwa waliiona kazi hiyo kuwa ya lori. Viongozi wakuu walikaa ng'ambo ya ziwa, na walio mstari wa mbele walitegemea dawa ya mganga iwageuzie risasi kuwa maji. Silaha ziliweza kuvuka bahari na ziwa, lakini hazikuweza kupanda mlima mmoja. Hilo ndilo somo la Bendera, nasi tumelikalia kwa miaka sitini bila kulisoma.

Tuje katika siku zetu. Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba jeshi letu ni dhaifu kwa sababu ya vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa. Ukweli ni kwamba tangu 2008 vikwazo hivyo havikuizuia serikali kununua silaha. Kilichobaki ni sharti kwamba nchi inayouza itoe taarifa kwanza. Hata sharti hilo liliondolewa na Baraza la Usalama tarehe 20 Desemba 2022. Mwaka uliofuata serikali ilipokea droni za CH-4 kutoka China. Taasisi ya SIPRI ya Sweden, inayofuatilia matumizi ya kijeshi duniani, ilihesabu kwamba mwaka 2023 matumizi ya kijeshi ya Kongo yaliongezeka kwa asilimia 105, yakafika dola milioni 794. Hakuna nchi nyingine duniani iliyoongeza kwa kiwango hicho mwaka ule. Basi sharti liliondolewa, fedha zikaongezwa, droni zikaja. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka. Katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Silaha nyingi zilizokuwa zimenunuliwa kwa jasho la wananchi ziliachwa nyuma, zikaokotwa na waliokuja kuzinyang'anya. Desemba mwaka huohuo M23 wakaingia Uvira, mji ulio upande wa pili wa barabara yetu ya Bendera.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema: nyuma ya M23 kuna jeshi la nchi jirani. Ni kweli. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika taarifa yao iliyotolewa Julai 2024, walikadiria askari wa Rwanda walioko katika ardhi yetu kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Uvamizi ni uvamizi, na mwenye kuufanya atawajibika mbele ya Mungu na mbele ya historia. Lakini hoja hiyo haiwatetei wanaotaka tununue chuma kwanza, inawahukumu. Kadiri adui alivyo na nidhamu na kadiri anavyolishwa vizuri, ndivyo inavyokuwa hatari zaidi kumpelekea mbele askari mwenye njaa. Na hatuwezi kusema kwamba Mkongo hajui kupigana. Novemba 2012 jeshi letu liliikimbia Goma. Novemba 2013 jeshi hilohilo liliwashinda M23. Lilisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, hilo halifichwi. Lakini katika mwaka huo mmoja vikosi vilipangwa upya, makamanda wakabadilishwa, na mahitaji ya mstari wa mbele yakaanza kufika. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni namna walivyoongozwa na kutunzwa.

Tufanye hesabu ya jikoni. Askari mmoja akipewa nusu kilo ya unga kwa siku, kikosi cha askari 600 kinahitaji kilo 300 kila siku, yaani tani tisa kwa mwezi. Huo ni unga peke yake, bila maharagwe, mafuta, chumvi wala kuni. Ili tani hizo zifike mahali kama Bendera katika majira ya mvua, panahitajika lori zima lenye matairi, dereva aliyelipwa, fundi mwenye vipuri, madaraja yanayobeba uzito, ghala lisilovuja, na karani anayeandika kilichoingia na kilichotoka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopitishwa mbele ya kamera siku ya sikukuu ya uhuru. Ndiyo maana havinunuliwi kwanza. Droni hupigwa picha. Daftari la ghala halipigwi picha.

Na mshahara je? Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulifanya kazi pamoja na serikali yetu kuwahesabu askari mmoja mmoja na kutenganisha njia ya fedha na njia ya amri. Maana yake ni rahisi: kamanda anayeamuru asiwe ndiye anayeshika bahasha ya mishahara. Hesabu hiyo iliondoa majina mengi ya askari hewa, watu waliolipwa bila kuwapo. Baadaye mishahara ikaanza kupitishwa benki. Kazi hiyo, isiyo na kishindo wala moshi, iligusa uhodari wa jeshi kuliko shehena nyingi za bunduki. Lakini benki ziko mijini, na vikosi viko porini. Kati ya hivyo viwili kuna barabara ndefu, na katika barabara hiyo mengi hupungua. Machi 2025, baada ya miji miwili kupotea, rais aliamuru mishahara ya askari na ya polisi iongezwe mara mbili. Amri ilikuwa njema. Tuulize tu: kwa nini ilisubiri hadi Goma na Bukavu zianguke? Na ongezeko hilo linafikaje kwa askari aliye kituoni mbali na benki?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa askari wetu methali imepinduliwa: yeye huchuma juani, mwingine hula kivulini. Na askari asiyekula mkononi mwa taifa hula mkononi mwa mwanakijiji. Tunajua vizuizi vya barabarani ambapo mama mwenye beseni la muhogo hutoa faranga ili apite. Tunajua kuku na mbuzi wanaochukuliwa kwa jina la ulinzi. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, aliwakataza kuwanyang'anya watu na akawataka watosheke na mshahara wao. Mara nyingi tunawahubiria askari nusu ya kwanza ya jibu hilo. Nusu ya pili ni hubiri kwa wale wanaoushika mshahara, maana hakuna awezaye kutosheka na kitu ambacho hakikumfikia. Mwanakijiji aliyenyang'anywa naye hatatoa habari za adui, wala hatamficha askari aliyejeruhiwa. Hivyo wizi unaofanyika ofisini huishia kuwa ushindi wa adui porini.

Basi, ndugu vijana, mtu akisimama mbele yenu na kuwaahidi silaha mpya, msimpigie makofi kwa haraka. Mwulizeni kwanza nani atazitunza, kwa vipuri gani, na kwa mafuta yatakayopitia barabara ipi. Mwulizeni kama mkataba wa ununuzi ulionekana na wabunge, na kama bei iliyolipwa inajulikana. Usiri wa mipango ya vita ni halali, kwa maana unaokoa uhai wa askari. Usiri wa bei ya unga, viatu na mahema hauokoi uhai wa mtu yeyote. Unalinda mfuko wa mtu. Anayechanganya siri hizi mbili anafanya hivyo kwa faida yake.

Mbunge anapokuja kuomba kura zenu, mwulizeni habari za bajeti ya ulinzi kama mnavyomwuliza habari za maji na shule. Katika jumuiya zenu wamo wana, kaka na waume waliovaa sare. Wasikilizeni wanaporudi, na wajane wa waliokufa wasaidieni kudai haki zao, kwa kuwa jeshi linalomsahau mjane linamfundisha askari aliye hai kukimbia. Na kijana mwenzenu anayefikiria kuingia jeshini au kujiunga na kundi la porini, mwelezeni habari za Bendera: jinsi bunduki zilivyovuka bahari na ziwa, zikalala ufukoni, na watu wakafa mlimani wakitumaini dawa ya mganga.

Mganga wa 1965 alitumia maji na mizizi. Mganga wa leo huvaa suti, na dawa yake huruka angani bila rubani. Wote wawili wanauza ahadi ileile, kwamba kuna kitu cha kununua kitakachotuepusha na kazi ya uaminifu. Kazi hiyo haina mbadala. Huanza na gunia la unga linalofika likiwa na uzito uleule liliokuwa nao lilipotoka ghalani.