Jamaa na Nyumba Yake: Mfuga Uduvi ni Mfuga Maji

Juma lililopita tulizungumza juu ya sungura na banda lao. Leo twaingia sebuleni, tumtazame mnyama ambaye urefu wake ni sentimeta mbili au tatu tu. Watu wa pwani humwita uduvi. Ni ndugu mdogo sana wa zile kosakosa ziuzwazo katika masoko ya Kinshasa, lakini huyu hafugwi kwa ajili ya sufuria. Huwekwa katika chombo cha kioo chenye maji na mimea, wazazi na watoto wakamtazama akila, akivua gamba, akizaa. Mtu akisema kwamba huo ni mchezo tu, asihukumu kabla ya kusoma hadi mwisho.

Aina ifugwayo zaidi ulimwenguni ina asili ya China na nchi za jirani. Jina lake la kitaalamu ni Neocaridina davidi, na neno hilo la pili linamkumbuka padri. Armand David alizaliwa mwaka 1826 katika nchi ya Wabaski, kusini mwa Ufaransa, akaingia shirika la Walazaristi, akatumwa Peking mwaka 1862. Wakubwa wake walimruhusu kusafiri bara na milimani akikusanya mimea na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Paris. Ndiye aliyewajulisha Wazungu habari za panda, mwaka 1869. Lakini hakutafuta wanyama wakubwa peke yao. Aliokota hata kamba wadogo wa vijito. Mwaka 1904, miaka minne baada ya kufa kwake, mtaalamu Mfaransa aitwaye Bouvier alimpa uduvi huyu jina la padri yule. Uduvi wa porini ana rangi ya udongo na majani makavu. Wekundu unaopendwa siku hizi ni kazi ya wafugaji wa Taiwan, waliochagua wazazi wenye rangi, kizazi baada ya kizazi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Neno la kwanza la kushika ni hili: mfuga uduvi hafugi uduvi, hufuga maji. Maji yakiwa mazuri, mnyama hujitunza mwenyewe. Maji yakiharibika, hakuna dawa wala chakula kitakachomponya.

Tafuta chombo cha kioo cha lita 20 hivi, kipana kuliko kirefu, ili hewa iingie majini kwa urahisi. Kioshe kwa maji matupu. Sabuni isiguse humo kamwe. Tandaza mchanga uliooshwa mara nyingi, panda majani ya majini kwa wingi, hasa yale yenye nyuzi nyembamba ambamo watoto wa uduvi hujificha. Maji ya bomba hutiwa klorini, basi yaache katika ndoo iliyo wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Weka chombo mahali penye mwanga, lakini jua lisikipige. Uduvi hupenda maji ya digrii 20 hadi 26. Katika miji ya milimani kama Bukavu jambo hilo si gumu. Katika miji ya joto, mtafutie pembe ya nyumba iliyo baridi kuliko zote.

Baada ya hayo, ngoja. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa maana chombo kimekwisha kupendeza, na watoto wanauliza kila asubuhi wanyama watakuja lini. Uchafu wa viumbe na mabaki ya chakula hugeuka amonia, ambayo ni sumu kali. Mwenyezi Mungu ameweka bakteria wasioonekana kwa macho: baadhi yao hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huitumia kama mbolea. Lakini bakteria hao hawajengi makao yao kwa siku moja. Tia chembe chache za chakula zioze humo ziwalishe, kisha uwape muda wa majuma manne hadi sita. Anayetia uduvi siku ya kwanza huwatia katika sumu, ijapokuwa maji yanang'aa kama ya chemchemi. Jicho haliwezi kuona amonia.

Panapokuwa na umeme, pampu ndogo ya hewa yenye sifongo husaidia sana, kwa kuwa bakteria hukaa katika sifongo. Lakini twajua sote jinsi umeme ukatikavyo. Ndiyo maana yafaa kuwa na mimea mingi na wanyama wachache. Anza na uduvi kumi. Usiwamwage chomboni kwa ghafula: wakiwa bado katika maji yao ya zamani, waongezee maji mapya kidogo kidogo kwa muda wa saa moja au zaidi, mpaka wayazoee. Wala usichanganye nao samaki, kwa maana karibu kila samaki hula watoto wa uduvi.

Chakula chao ni utelezi wa kijani uotao juu ya mawe na majani. Jani kavu la mpera likizama majini huwa meza yao kwa siku nyingi. Mara moja moja wape kipande kidogo cha lengalenga kilichochemshwa, nacho kiondolewe kesho yake kama hakijaliwa. Kila juma toa sehemu moja ya kumi ya maji, utie mapya yaliyotulizwa. Usibadili yote kwa pamoja, hata ukisukumwa na hamu ya usafi.

Uduvi akikua, gamba lake halikui pamoja naye. Hulivua, akajificha kwa muda kwa sababu mwili wake ni laini. Watoto wakiona gamba tupu watadhani mmoja amekufa. Waeleze, na gamba liachwe mahali pake, kwani uduvi hulila wapate tena chokaa iliyomo. Jike aliyekomaa, akiisha kuvua gamba, huwa tayari kupandwa. Baadaye utaona mayai ishirini au thelathini chini ya tumbo lake. Huyabeba majuma matatu hadi manne, akiyapepea kwa vijiguu vyake bila kupumzika, ili yapate hewa yasioze. Watoto wao hutoka wakiwa na umbo kamili la wazazi, wembamba kama uzi, nao baada ya miezi miwili au mitatu huweza kuzaa. Wenye rangi mbalimbali usiwaweke pamoja. Vizazi vyao vitarudia rangi ya udongo ya babu zao.

Yako mambo matatu ya kuangaliwa sana katika nyumba zetu. La kwanza ni shaba. Madini hayo ni mali ya Katanga, lakini kwa uduvi hata kidogo tu ni sumu; basi soma vizuri karatasi ya kila dawa ya samaki kabla ya kuitia majini. La pili ni dawa za kuua wadudu. Uduvi na wadudu wana ujamaa katika maumbile, na kinachomwua mbu humwua uduvi pia. La tatu ni mbu mwenyewe. Maji yaliyotulia ni kitanda chake cha kutagia mayai, na hakuna pambo linalostahili kumletea mtoto malaria. Funika chombo kwa kitambaa chembamba kipitishacho hewa, kikazwe pande zote. Lakini kisiwe kipande cha chandarua kilichotiwa dawa, kwa kuwa dawa hiyo ikiingia majini uduvi wote watakufa; na chandarua chenyewe kina kazi yake kitandani.

Neno la mwisho la kazi hii lahusu mito yetu. Itafika siku ambapo uduvi wamekuwa wengi mno, au jamaa inahama, na mtoto mwenye huruma atasema: tuwaachie huru kijitoni. Mkatalie, na umweleze sababu. Gugu-maji, lile ua zuri la zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini, likachukuliwa na watu kutoka nchi hata nchi kwa ajili ya uzuri wake. Katika miaka ya 1950 lilitapakaa katika mto Kongo, likazuia mashua na kuwasumbua wavuvi. Nasi tuna uduvi wetu wenyewe: ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya kumi zisizopatikana mahali pengine popote ulimwenguni. Mgeni akiingia majini mwao aweza kuwaletea ugonjwa au kuwanyang'anya chakula, na kilichopotea humo hakiwezi kununuliwa tena. Walio wengi mno wapewe jirani mwenye chombo. Maji machafu yamwagwe bustanini, yasimwagwe mtoni.

Baba na mama wa jamaa, mmeona kwamba karibu kazi yote ni ya kutunza kile kisichoonekana. Mtoto aliyengoja majuma sita mbele ya chombo kitupu amejifunza jambo ambalo hotuba zetu nyingi hazikuweza kumfundisha. Lakini nasi wazazi tujitazame. Watoto wetu wanaishi katika maji ambayo hawakuyachagua: maneno tunayosemezana mezani, namna baba anavyomjibu mama, sala ya jioni iliyosaliwa au iliyoachwa. Twaweza kuwanunulia daftari na viatu, nyumba ikang'aa machoni pa wageni, na huku mna uchungu ndani yake ambao mgeni hauoni, lakini mtoto anauvuta kila siku. Jioni hii, watoto wakiisha kulala, baba na mama waketi kidogo waulizane: maji ya nyumba yetu yakoje?