Skrubu Haigeuki Yenyewe Usiku

Jumapili moja ya Julai, hapa Njombe, mhubiri mgeni aliingia kanisani amechelewa nusu saa, vidole vyake vikiwa na oili. Akatuomba radhi, akasema pikipiki yake ilimgomea alfajiri, kisha papo hapo akaigeuza kuwa mahubiri. Mkristo aliyepoa, alisema, ni kama pikipiki kuukuu asubuhi ya baridi: unaipiga kiki, inakohoa, unaipiga tena, inakohoa, nayo haitawaka sawasawa mpaka Bwana aifungue kabureta na kuisafisha. Kanisa zima likaitika Amina. Mama aliyekaa mbele yangu akapunga leso. Mimi nilibana midomo mpaka mke wangu akanikanyaga mguu, akidhani nimesinzia.

Neema sina ugomvi nayo. Amina yangu ilikwama kwenye kabureta.

Nchi hii imeifanya kabureta kuwa mchawi wa kijiji. Pikipiki isipowaka asubuhi, kabureta. Ikila mafuta, kabureta. Ikizima mlimani na abiria wawili na gunia la viazi, kabureta. Bado sijamsikia anayeilaumu kwa pancha, lakini siku zinakuja. Na kama ilivyo kwa wachawi wote, hakuna anayesubiri ushahidi: bisibisi inatoka mfukoni kabla mtuhumiwa hajaulizwa jina.

Naomba tuulizane kidogo. Jana jioni pikipiki yako iliwaka vizuri? Iliwaka. Ukaiingiza ndani, ukafunga mlango? Nilifunga. Usiku kuna mtu aliyeamka akaishika bisibisi? Hakuna. Basi, ndugu yangu, skrubu haigeuki yenyewe usiku. Jeti haijitanui yenyewe usiku. Floti hailewi usiku ikaamka imepinda. Kitu kimoja tu kimebadilika kati ya jana jioni na leo alfajiri, nacho kiko nje ya dirisha: baridi.

Petroli ikiwa majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na kwa uzito huwa ni sehemu moja ya petroli kwa sehemu 14.7 hivi za hewa. Sasa kwenye baridi ni zile sehemu nyepesi tu za petroli zinazokubali kugeuka mvuke. Zilizobaki zinakaa matone, zinalowanisha kuta za njia ya kuingilia na kulala hapo. Kabureta imetoa petroli ileile ya jana, lakini iliyofika ikiwa mvuke haitoshi kushika cheche. Waliobuni kabureta walilijua hilo zamani sana, ndiyo maana wakaweka choki. Unaifunga, hewa inabanwa, petroli inavutwa kwa wingi, na hata kama ni kidogo tu kinachogeuka mvuke, hicho kidogo kinatosha kuwasha. Injini ikipata joto unaifungua choki na kwenda zako.

Nendeni kijiwe chochote cha bodaboda hapa mjini muombe kuonyeshwa choki. Ya kwanza imekatika mkono. Ya pili imefungwa kwa waya ili ibaki wazi milele. Ya tatu mwenye pikipiki haijui iliko, anakuonyesha koki ya mafuta. Halafu mkiwahi saa kumi na mbili asubuhi mtawakuta vijana haohao wamechomoa mpira wa filta ya hewa, mmoja anaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, mwingine anapiga kiki. Inawaka! Wanapongezana. Kiganja kile ndiyo choki, jamani. Mmekwisha kuitibu pikipiki kwa dawa yake halisi, halafu mnampelekea fundi elfu kumi aifungue kabureta.

Zipo pia kabureta ambazo choki yake haizibi hewa. Hufungua njia ya pembeni ya petroli. Hiyo njia huitegemea nguvu ya mvuto inayopatikana mkono wa mafuta ukiwa umefungwa kabisa. Ukiukunja, mvuto unakufa na petroli ya ziada haiji. Tazama sasa tunavyowasha: mguu unapiga kiki, mkono unakamua mafuta kama mtu anayekamua shuka lililolowa. Tukishindwa tunakamua zaidi.

Fundi anayeitwa baada ya hapo ana dawa moja, kugeuza skrubu. Na anaigeuza injini ikiwa baridi, hapo ndipo ninapotamani kulia. Kabureta hurekebishwa injini ikiwa imepata moto. Unaipandisha sailensa kidogo, unaigeuza skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka injini izunguke kwa kasi kubwa kuliko zote, kisha unaishusha sailensa mahali pake. Basi. Ukiirekebisha ikiwa baridi ili iwake saa kumi na mbili, ikifika saa sita mchana itakuwa inakunywa petroli kama ng'ombe, na plagi imeota masizi meusi. Utarudi kwa fundi kumwambia inakula mafuta, naye ataishika bisibisi ileile.

Tena skrubu zenyewe si za aina moja. Ikiwa upande wa filta ya hewa, hiyo ni ya hewa: ukiilegeza unapunguza utajiri wa mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, hiyo ni ya petroli: ukiilegeza unauongeza. Mkono mmoja, mwelekeo mmoja, matokeo yanayopingana. Nimewauliza mafundi kadhaa wanajuaje iliyo mbele yao ni ipi. Mmoja alinijibu, "Mwalimu, sisi tunasikiliza."

Na ule waya! Anachomoa uzi mmoja kwenye waya wa klachi uliokufa, anauingiza kwenye jeti ndogo, anachokonoa kama anayetoa nyama kwenye jino. Jeti ni shaba nyeupe laini, na tundu lake halifiki nusu milimita. Uzi wa chuma ukipita humo mara tatu nne, namba iliyochongwa ubavuni pa jeti inakuwa uongo. Najua watakaosema kabureta huchafuka kweli. Huchafuka. Suruali yangu nayo huchafuka, ila sijawahi kuichokonoa kwa waya.

Wengine wanaleta hoja ya mwinuko. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, wanasema, kwa hiyo pikipiki iliyotoka Dar es Salaam ni lazima iongezewe mafuta ikija huku. Wameishika hoja kwa mkia. Huku juu hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo pikipiki ya Dar ikifika Njombe tayari ina mafuta mengi kuliko hewa. Ukiiongezea, unamlisha aliyevimbiwa.

Kabla sijasahau, mafuta yenyewe. Tunanunua petroli kwenye chupa za maji barabarani, hatujui ilipita wapi, halafu tunaihukumu kabureta. Nchi hii ilikuwa na ufundi wa kuchakachua mpaka neno lenyewe likahamia kwenye uchaguzi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasichanganywe tena na mengine, na bibi zetu vijijini ndio waliolipia dhambi hiyo kwenye koroboi. Mafuta ya taa hayapendi kugeuka mvuke hata mchana wa jua; weka kidogo tu ndani ya petroli, kisha nenda Makete, ambako Juni na Julai nyasi huamka zimevaa barafu, ukajaribu kuwasha. Pikipiki iliyolala wiki tatu bila kuguswa nayo ni hivyohivyo: zile sehemu nyepesi za petroli zimeshapotea kutoka kwenye bakuli la kabureta. Fungua kiskrubu cha chini, mwaga ile iliyochacha, ruhusu mpya iingie. Hiyo ndiyo huduma ya kabureta ninayoiunga mkono, na inachukua dakika moja.

Nasema haya kwa uchungu wa mfuko wangu. Nina Honda CG125 niliyoinunua mkononi mwa bwana shamba mstaafu. Ni aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, injini yake inasukuma vavu kwa fimbo, kazi yake ya ufundi ni nyepesi hata kwa mtu mwenye spana tatu. Miaka miwili iliyopita, baridi ilipoanza, ikagoma. Kiki ishirini, thelathini, mguu unawaka kuliko injini. Fundi wa kwanza akaosha kabureta, elfu tano. Wa pili akabadilisha sindano, jeti na gesketi, elfu kumi na tano. Wa tatu akaniuzia kabureta mpya, elfu thelathini na tano bila kupunguza hata mia. Asubuhi iliyofuata: kabureta mpya, ugonjwa uleule. Nikaisukuma mpaka kwake. Akaikagua kabureta aliyoniuzia kwa mkono wake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa huruma, akatamka, "Mwalimu, hii kabureta ni feki."

Nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi, anayelima parachichi siku hizi. "Kamwene, mwalimu," akanisalimu, akaizunguka pikipiki mara moja, kabureta hakuitazama. Akaifungua plagi baada ya kiki kumi, akanionyesha. Imelowa. "Mafuta yanafika," akasema. "Huyo mnayemsingizia ameshafanya kazi yake." Ingekuwa kavu, ndipo angeanza kufuatilia koki, choki na kabureta. Dakika mbili, plagi moja, na tayari nusu ya uongo wa mjini ulikuwa umekufa.

Kisha akaniuliza tapeti zilirekebishwa lini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba hazina shida, injini iko kimya kabisa. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akafungua mfuniko, akaileta pistoni juu kwenye mgandamizo, alama ya T ikakaa mahali pake, akajaribu kupitisha fila geji. Haikupita. Ilipaswa kupita ya milimita 0.08, karibu unene wa karatasi ya daftari, injini ikiwa baridi. Kwangu hata hewa ilikuwa haipiti. Vavu hujichimbia kwenye kiti chake kadiri miaka inavyokwenda, na nafasi inapungua badala ya kuongezeka. Halafu mafundi wetu, kwa kuwa mteja anapenda injini isiyolia, huzikaza zaidi. Vavu isiyofunga sawasawa inavujisha mgandamizo, na unapopiga kiki injini inazunguka polepole, kwa hiyo mgandamizo unapata muda wote wa kutoroka. Bila mgandamizo, mchanganyiko uliopoa haupati joto, na cheche inapiga kwenye ukungu. Tapeti inayolia kidogo ni ya kushukuru. Ya kuogopa ni ile iliyonyamaza.

Akazilegeza. Akasugua plagi, akaipa nafasi ya milimita 0.7, akabadilisha kofia ya plagi iliyokuwa na ufa unaoingiza unyevu. Akaifunga choki, akanikataza kugusa mkono wa mafuta. Kiki ya pili. Alinitoza elfu tatu na kikombe cha chai ya rangi. Kabureta yangu ya zamani, ile iliyohukumiwa mara tatu, ndiyo iliyofungwa mpaka leo. Ile "feki" ipo kabatini, nimeiweka iwe kumbukumbu ya upumbavu wangu wa elfu hamsini na tano.

Nilipowasimulia vijana wa kijiwe cha jirani, wakanipa jibu ambalo nalisikia kila mwaka: "Lakini mwalimu, fundi akiifungua kabureta si huwa inawaka?" Huwa inawaka. Fundi wenu anafika saa ngapi? Saa nne. Anafungua, anapuliza, anapiga simu mbili, anafunga. Saa tano na nusu anapiga kiki, inaunguruma, anapokea elfu kumi. Saa tano na nusu hata ingefunguliwa taa ya nyuma ingewaka! Jua limepanda, injini imeota joto, petroli inageuka mvuke bila kuombwa. Fundi huyo ni jogoo anayedai posho ya kuchomoza jua. Kesho alfajiri inagoma tena, na nyinyi mnasema skrubu imerudi nyuma. Skrubu haigeuki yenyewe usiku!

Nao wanaowasha kwa bahati saa kumi na moja alfajiri, wakaipiga resi robo saa chini ya dirisha langu eti wanaipasha, nawaambia mara ya mwisho: oili iliyoganda haijafika juu, mnazisaga vavu zenu na usingizi wangu kwa pamoja. Iacheni ingurume polepole kwa dakika moja au mbili, kisha ondokeni taratibu.

Siku ile ya mahubiri, ibada ilipokwisha, nilikaa uani makusudi. Pikipiki ya mhubiri ilikuwa imeegeshwa ukutani, juani, mkono wa choki umekatika zamani. Saa saba na robo mchana akaaga, akapanda, akapiga kiki moja. Ikawaka. Hakuna aliyekuwa ameigusa kabureta yake.