Mbuga Zisiachwe Kuwa Visiwa

Zaidi ya robo ya nchi kavu ya Tanzania imetengwa ili kulinda wanyama na misitu. Wako watu waitajao hesabu hiyo kwa fahari, kana kwamba ukubwa wa eneo ni ushahidi kuwa kazi imekwisha. Sisi hatukubaliani nao. Kutenga ardhi ni jambo moja. Kuipanga ili viumbe vyake viendelee kuwapo baada ya miaka mia ni jambo jingine kabisa.

Na tuitazame Tarangire, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1970. Uhai wake ni mto, kwani wakati wa kiangazi mto huo ndio unaowakusanya wanyama. Lakini mvua zinyeshapo, nyumbu na pundamilia wengi hutoka nje ya mipaka. Wengine huelekea mashariki, kwenye uwanda wa Simanjiro, wakazalie huko, maana majani ya kule yana fosforasi nyingi ambayo mnyama anyonyeshaye huihitaji. Uwanda huo ni ardhi ya vijiji. Basi hifadhi huwalinda wanyama hao kwa sehemu ya mwaka tu. Sehemu iliyobaki uhai wao umo mikononi mwa wafugaji na wakulima.

Upande wa magharibi uko ushoroba wa Kwakuchinja, yaani pito la wanyama waendao Ziwa Manyara. Humo mnapita barabara kuu ya Arusha na Dodoma, na kuna mashamba, nyumba na kiwanda cha mbolea cha Minjingu. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho twaweza kukiita uovu. Mwaka 1967 nchi yetu ilikuwa na watu wapatao milioni 12. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61. Watu hawana budi kula, kulala na kufanya kazi. Hatari ni kwamba kila mmoja hujenga mahali pake bila kujua mwenzake kajenga wapi, na siku moja pito lote huwa limezibwa pasipo mtu yeyote kuamua lizibwe.

Madhara ya kuzibwa yanajulikana. Mwaka 1996 mtaalamu William Newmark alitangaza matokeo ya uchunguzi wake katika hifadhi za Tanzania: kadiri hifadhi ilivyokuwa ndogo, ndivyo ilivyozidi kupoteza aina za wanyama wakubwa. Sababu yake si fumbo. Kundi dogo lililofungiwa huzaana ndugu kwa ndugu. Ukame au maradhi yakilipunguza, hakuna wageni wa kuliongeza. Na sasa ambapo majira ya mvua hayatabiriki kama zamani, mnyama asiyeweza kuhama hufa papo alipo.

Serikali imeliona jambo hili. Kanuni za kulinda shoroba zilitolewa mwaka 2018, na mpango uliotolewa mwaka 2022 ulitaja shoroba 61. Desemba ya mwaka huohuo, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030, na kwamba maeneo hayo yaunganike. Twapongeza hatua hizo. Hata hivyo, karatasi haimpishi tembo njia. Anayempisha ni mwanakijiji.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuwahamisha watu. Hatuwaungi mkono. Mwananchi aliyeondolewa kwa nguvu hawezi kuwa mlinzi wa kile kilichomwondoa. Dawa ni kupanga pamoja naye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Kijiji cha Terrat, huko Simanjiro, kiliitumia sauti hiyo: kilipatana na makampuni ya utalii kwamba sehemu ya uwanda isilimwe, mifugo iendelee kulishwa humo, na kijiji kilipwe kila mwaka. Mfugaji hakupoteza malisho, na nyumbu hakupoteza mahali pa kuzalia.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, mipango ya matumizi ya ardhi katika vijiji vyenye shoroba itangulie, kabla viwanja havijauzwa. Pili, haki itendeke. Tembo aweza kula kwa usiku mmoja mahindi ya msimu mzima. Kifuta jasho cha mazao, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa, vikichelewa, ushoroba hugeuka adui wa kijiji. Tatu, wahandisi wa barabara na reli wafikirie mapito tangu mchoro wa kwanza. Karibu na Mlima Kenya njia ya tembo ilijengwa chini ya barabara na kufunguliwa mwaka 2011, na tembo wanaipita.

Kazi hii haiwezi kuachiwa askari wa wanyamapori peke yao. Wanachama waliomo katika halmashauri za vijiji, madereva, wafanyakazi wa viwanda na wapima ardhi wote wana sehemu yao. Tunawaomba waulize, kila mchoro mpya uletwapo mkutanoni: je, pito limeachwa? Swali hilo laweza kujibiwa vizuri leo, wakati nafasi ingalipo. Pito likishajaa nyumba, kulifungua tena kutamaanisha kuvunja makazi ya watu, na hilo hatulitaki.