Jani la Mashariki Lisinyimwe Jina Lake

Mvutaji kiko apendaye kujichanganyia tumbaku mwenyewe hukutwa na jambo moja la kuudhi. Akitaka jani la Virginia huulizwa, je, walitaka jekundu ama la manjano? Lakini akitaka jani la Mashariki hupewa kopo lililoandikwa "Oriental" au "Turkish", basi, yamekwisha. Ni mfano wa mtu aendaye sokoni kuuliza kama samaki yule ni changu ama kolekole, akajibiwa kuwa ni samaki wa baharini. Sisi twasema jibu hilo halitoshi, na mnunuzi ana haki ya kupata jingine.

Majina yapo, tena ni ya tangu zamani. Liko jani la Izmir, jepesi, lenye uchachu kidogo. Liko la Samsun, mji wa Uturuki ulioko pwani ya Bahari Nyeusi. Liko Basma la upande wa Xanthi, kaskazini mwa Ugiriki, dogo na lenye harufu nzuri mno. Liko la Katerini. Aliyevuta kila moja peke yake hawezi kuyafananisha tena.

Jani lenyewe ni dogo. Aina nyingine halifiki ukubwa wa kiganja. Mimea hupandwa kwa kubanana katika ardhi ya mawe, isiyo na rutuba wala maji mengi, na ufukara huo wa ardhi ndio ulipao jani manukato yake. Huchumwa kwa mkono, jani baada ya jani, kuanzia yale ya chini. Kisha hutungwa kwa sindano na uzi, kama watungavyo asumini wanawake wetu wa Pwani, yakaanikwa juani. Nikotini yake ni kidogo, harufu yake ni nyingi. Kazi ya namna hiyo ni kazi ya nyumba nzima, wazee kwa watoto, na si ya mitambo.

Tena majina hayo yamebeba habari za watu. Mwaka 1923, huko Lausanne, Uturuki na Ugiriki zilikubaliana kubadilishana raia kwa kufuata dini zao, na zaidi ya watu milioni moja wakang'olewa makwao. Jani la Katerini, la Ugiriki, asili yake ni mbegu ya Samsun, mji ulio mbali nalo safari ya siku nyingi. Waislamu wa Thrace ya Magharibi waliachwa katika mapatano yale wasihamishwe, na mpaka leo wako miongoni mwao, katika vilima vya Xanthi, walimao Basma. Yote hayo muuzaji ameyafunika kwa neno moja la Kiingereza!

Latakia nalo lina kisa chake. Hili ni jani la Mashariki lililokwisha anikwa, kisha likafukizwa kwa moshi wa kuni na vichaka vyenye harufu mpaka likawa jeusi. Lachukua jina la bandari ya Ladhikiya katika nchi ya Shamu, ndiyo Syria. Ufukizaji ule ulikula misitu ya Shamu, hata mwisho kazi ikahamia kisiwa cha Saiprasi. Jina likabaki, mahali pakabadilika. Ajuaye kufukiza udi atafahamu kwamba kuni zikibadilika, harufu nayo hubadilika.

Ama kuchanganya, si kazi ngumu. Chukua Virginia iwe ndiyo msingi. Utie jani la Mashariki, tuseme fungu moja katika matano, ulipime kwa mizani, si kwa jicho. Lichanganye, ulitie katika chupa ya mdomo mpana, ulifunge, ulisahau wiki kadhaa. Latakia litie kwa woga, kama utiavyo karafuu katika pilau. Andika kila ulichokifanya katika daftari. Na hapo ndipo mvutaji akwamapo: ataandika nini? "Jani la Mashariki, wakia moja"? Mwaka ujao kopo hilo hilo litakuwa na jani jingine, na mchanganyiko wake hataupata tena abadani.

Hatujasahau kwamba tumbaku yadhuru. Kiko hakimwokoi mtu na saratani ya mdomo, na kijana asiyevuta tunamwomba asianze. Mabishano haya ni ya kale. Sultani Murad wa Nne alipiga tumbaku marufuku mwaka 1633 na adhabu yake ilikuwa kifo, watu hawakuacha. Maulamaa nao waliandika, huyu akiharimisha na huyu akihalalisha. Sheikh Abdulghani an-Nabulusi wa Damascus alikuwa miongoni mwa walioona kuwa si haramu. Hatuingii katika hukumu hiyo. Tunalosema ni kwamba kitu kiuzwacho, madhali chauzwa, kitajwe kilivyo.

Na tunalisema sasa kwa sababu wakati unakwisha. Mnunuzi mkubwa wa majani haya ni makampuni ya sigara, ambayo hutia kidogo tu ili kuleta harufu, na kwao Izmir na Samsun ni tarakimu katika hesabu. Mwaka 2002 Uturuki ilitunga sheria iliyoondoa ununuzi wa serikali, wakulima wakaachiwa mikataba ya makampuni. Mwaka 2008 viwanda vya sigara vya Tekel, shirika la serikali, vikauzwa kwa British American Tobacco. Wakulima wengi waliacha tumbaku kabisa. Shamba la aina fulani likiachwa, hakuna atakayepiga kelele huku kwa wavutaji, kwani asiyejua kwamba koponi mwake mlikuwa na Samsun hatajua ni siku gani Samsun ilikoma kuletwa.