Zambia: Kiongozi wa wafanyakazi akiondoka, chama hubaki na nani?

Kila Mei Mosi wafanyakazi wa Zambia wanapoandamana na mabango yao, swali moja la zamani hurudi. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi anapoondoka kitini huelekea wapi, na chama hubaki mikononi mwa nani? Pengine hakuna maisha yanayolijibu swali hilo kwa uwazi kuliko ya Frederick Chiluba, aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa ujenzi akaishia Ikulu.

Chiluba hakuanza kama msomi wa vyuo vikuu. Katika ujana wake aliwahi kuwa karani katika shamba la mkonge nchini Tanzania, kisha akaajiriwa na kampuni ya Atlas Copco mjini Ndola, katika ukanda wa shaba. Huko alijiunga na chama cha wafanyakazi wa ujenzi, uhandisi na kazi za jumla, akapanda hadi kukiongoza. Mwaka 1974 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa shirikisho la vyama vyote, ZCTU.

Kwa miaka 17 aliyoliongoza, shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa sauti chache zilizothubutu kumpinga Rais Kenneth Kaunda hadharani. Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1981 viongozi wa ZCTU walifukuzwa katika UNIP, chama pekee cha siasa kilichoruhusiwa na sheria. Baadaye mwaka huo Chiluba na wenzake kadhaa, akiwemo Katibu Mkuu Newstead Zimba, waliwekwa kizuizini, mpaka mahakama ilipoamuru waachiwe.

Mwezi Juni 1990 bei ya unga wa mahindi ilipanda zaidi ya maradufu, na ghasia zikazuka mijini. Mwezi uliofuata wanasiasa, wasomi na viongozi wa wafanyakazi walikutana Lusaka kuasisi vuguvugu la MMD. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yalilipatia vuguvugu hilo kile ambacho fedha haziwezi kununua kwa haraka: watu wanaoaminiana katika kila mji. Tarehe 31 Oktoba 1991 Chiluba alipata takribani robo tatu ya kura. Kaunda alikubali kushindwa, na Zambia ikabadili uongozi kwa amani.

Huo ni utumishi ambao haufai kusahauliwa. Lakini hesabu ina upande wa pili.

Serikali ya Chiluba iliuza zaidi ya mashirika 250 ya umma, na hatimaye migodi ya shaba. Maelfu walipoteza ajira. Wakati huohuo nyumba za halmashauri na za migodi ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi humo, wengi kwa bei nafuu. Hivyo mfanyakazi aliweza kupata nyumba katika miaka ileile aliyopoteza mshahara wa kuitunza. Sheria ya mwaka 1993 nayo iliondoa kanuni ya chama kimoja kwa kila sekta. Waliotetea uhuru wa kujiunga waliipongeza. Walioujua uzito wa kusema kwa sauti moja waliona nguvu yao ikigawanyika.

Kwa nini wafanyakazi hawakupinga kwa nguvu ile ya miaka ya themanini? Jibu moja ni kwamba waliyepaswa kumpinga alikuwa mtu wao. Zimba aliingia katika baraza la mawaziri. Fackson Shamenda, aliyeshika uongozi wa ZCTU baada ya Chiluba, naye alikuja kuwa Waziri wa Kazi mwaka 2011, chini ya Rais Michael Sata. Kiti cha chama kikishazoeleka kuwa ngazi ya kupandia serikalini, anayekikalia hupata sababu ya kuchunga maneno yake.

Mwaka 2001 wafuasi wa Chiluba walitaka katiba ibadilishwe ili agombee muhula wa tatu. Makanisa, mawakili, asasi za kiraia na hata mawaziri wake walikataa, naye akarudi nyuma. Kesi zilifuata. Mwaka 2007 mahakama ya London, katika shauri la madai, ilimwona kuwa na dhima ya kushiriki kuchota dola milioni 46 za umma, uamuzi alioukataa. Mwaka 2009 mahakama ya Lusaka ilimwachia huru katika kesi ya jinai. Alifariki Juni 2011.

Si kosa kwa kiongozi wa wafanyakazi kuingia katika siasa. Taifa linahitaji watu wanaojua bei ya unga. Kasoro ni kuondoka na chama mfukoni. Mwashi na kibarua wanaosubiri malipo ya siku hawahitaji rafiki Ikulu pekee. Wanahitaji chama kinachoweza kumwambia rafiki huyo hapana.