Pikipiki za Stima: Tuhesabu Kilomita, Si Bei ya Dukani

Leo sina kisa cha mapenzi wala cha Sungura na Fisi. Nina hesabu. Usikunje uso! Ni ya kuzidisha na kugawanya tu, nayo yawahusu kaka zetu wanaomaliza Kidato cha Nne na kukimbilia mkopo wa bodaboda hata kabla matokeo hayajatoka.

Pale steji ya Malili, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa, gumzo si mpira peke yake tena. Ni pikipiki za stima. Tangu petroli ipite shilingi 200 kwa lita mnamo Septemba 2023, hata waliokuwa wakizicheka eti hazina mngurumo walianza kuulizia bei. Na hapo kwenye kuulizia bei ndipo ninapotofautiana nao. Swali lao huwa moja: "Betri ni pesa ngapi?" Hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: betri hiyo itanibeba kilomita ngapi kabla haijafa? Maana anayekosea hapo atabaki akilipa mkopo wa pikipiki iliyolala nyuma ya nyumba.

Betri hizi si mama mmoja baba mmoja. Kuna ile kongwe ya risasi na asidi, dada ya betri ya gari, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Kisha kuna za lithiamu, ambazo tena ni koo mbili. Ukoo wa kwanza una nikeli, manganizi na kobalti ndani yake. Wa pili una chuma na fosfeti, nao ulizaliwa maabarani kwa John Goodenough kule Texas katika miaka ya 1990. Mzee huyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019 akiwa na miaka 97, kwa hivyo wewe uliyekata tamaa ya Kemia jipe moyo.

Haya, tuhesabu. Tuseme pikipiki yahitaji betri ya uniti 3 za stima, na kila uniti humpeleka dereva kilomita 30 hivi. Bei nitakazotaja ni za mfano ili hesabu iende. Ukipata za duka lako, ziweke mahali pake. Betri ya risasi iwe 40,000, ya nikeli na kobalti 110,000, ya chuma na fosfeti 100,000.

Ile ya risasi haipendi kumalizwa. Ukiinyonya hadi tone la mwisho kila siku, inakufa upesi. Ukitumia nusu tu, itakupa raundi kama 400 za kuchaji. Yaani uniti moja na nusu mara 400, jumla uniti 600. Bodaboda anayekimbia kilomita 100 kwa siku hula uniti zaidi ya 3, kwa hivyo uniti 600 humwishia kwa miezi sita! Ya nikeli na kobalti, ukiitumia asilimia 80 kila raundi kwa raundi 1,200, hutoa uniti 2,880: miaka miwili na ushei. Ya chuma na fosfeti, kwa raundi 2,500 za namna hiyo hiyo, hutoa uniti 6,000. Hiyo ni takriban miaka mitano.

Sasa weka pesa. Kwa miaka hiyo mitano, wa risasi atanunua betri kumi: shilingi 400,000. Wa nikeli na kobalti atanunua mbili: 220,000, na bado atapungukiwa kidogo mwishoni. Wa chuma na fosfeti atanunua moja: 100,000. Huyo wa kwanza ndiye aliyetuambia kule steji kwamba amepata ya bei chee. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga, nao hawakuwa wameona betri.

Isitoshe, betri ya risasi ya uniti 3 ina uzito unaopita kilo 80. Ni kama kumbeba abiria mnene kutwa nzima na asikulipe hata ndururu.

Najua kuna atakayeniuliza, "Hizo laki moja nitazitoa wapi?" Swali la haki. Mfuko wa kijana haujui miaka mitano, unajua jioni ya leo. Ndiyo maana makampuni yamekuja na mtindo wa kubadilisha betri kituoni: unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa, unalipa. Hata basi za stima za BasiGo zilizoanza Nairobi mwaka wa 2022 zilitumia akili ya namna hiyo: mwenye basi hutoa pesa kidogo mwanzoni, kisha gharama ya betri hulipwa kwa kila kilomita. Mimi siupingi mtindo huu. Lakini kabla ya kutia sahihi, uliza: betri ikizeeka nani anaumia? Ukilipia uniti ulizotumia, uzee ni wa kampuni. Ukilipia kila mara unapobadilisha, betri ya kale ikikupeleka kilomita 60 badala ya 90, uzee huo ni wako, na bei ni ile ile. Tena kituo kikiwa kimoja tu na kiko mbali, hesabu pia kilomita za kwenda na kurudi bila abiria.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, na katika baadhi ya mashimo ya kule Kolwezi wamo watoto wa umri wetu. Na risasi? Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliosumishwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, wakazungushwa katika rufani hadi Mahakama ya Juu ilipowapa haki tena Desemba 2024. Betri ya chuma na fosfeti haina kobalti wala risasi. Si malaika, lakini afadhali.

Pendekezo langu ni hili. Vijana wa steji waunde chama, wanunue betri za chuma na fosfeti kwa pamoja, na wadai dhamana iliyoandikwa kwa raundi au kwa miaka, si kwa mdomo. Na Konza nayo? Mji ule wa teknolojia umekaa juu ya ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, na serikali ilizinunua mwaka wa 2009. Kupima betri ili kujua kama ni nzima au imerembeshwa kwa ganda jipya si kazi ya kuwashinda wataalamu. Wafungue dirisha moja tu, Jumamosi moja kwa mwezi, bodaboda waje na betri zao zipimwe bure. Tunaanza kuhesabu kuanzia leo.