Usipoziba Ufa

Kuna kauli inayonikera: "Kompyuta hii ni nzee, itupwe." Nimeisikia Ifakara, nimeisikia na hapa Mchombe, na aghalabu msemaji hajalifungua hata boksi lenyewe. Wazee walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tukiuona ufa, tunabomoa nyumba.

Hebu tuutazame ufa wenyewe. Ndani ya mashine mna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, ambavyo kazi yake ni kuweka akiba ya umeme na kuutuliza usiyumbe. Kikopo kina majimaji, nayo hukauka kadiri miaka inavyopita. Joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Na bonde letu la Kilombero halina uhaba wa joto. Isitoshe, mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi duniani vilifunga kapasita mbovu. Dell OptiPlex GX270 ilijulikana sana kwa ugonjwa huo. Kikopo huvimba kichwa na kuvuja, mashine ikajizima ovyo au ikagoma kuwaka, ilhali viungo vingine ni vizima.

Dawa yake fundi redio anaijua. Atang'oa iliyovimba, atachomelea nyingine yenye mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali, inayostahimili nyuzi 105 na yenye ukinzani mdogo wa ndani. Upande wa hasi ukae mahali pake.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya hatari. Kweli, boksi la umeme huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo asiliguse asiye fundi. Lakini hatari hiyo ni sababu ya kumwita fundi, si sababu ya kuitupa mashine.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo hakuna anayetuzuia, tunajinyima wenyewe. Shule moja ninayoijua ilizirundika mashine stoo, na watoto wakafundishwa kompyuta kwa kuchorewa ubaoni! Huo ni uzembe uliovishwa joho la maendeleo.

Basi, kabla kamati yoyote haijaandika neno "chakavu", sharti bisibisi itangulie kalamu.